Pimbi na Majukwaa ya Madiwani Wawili

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani zile wanyama walipokuwa na nyumba na vyungu na vinyongo kama sisi, palikuwa na korongo. Korongo refu, lenye kingo zilizosimama wima kama ukuta wa boma, na chini yake mto ukipita kwa hasira: vuuuu! vuuuu! Mchana kutwa, usiku kucha.

Upande huu wa korongo palikuwa na Kata ya Majani, na diwani wake alikuwa Kiboko. Upande wa pili palikuwa na Kata ya Miamba, na diwani wake alikuwa Kifaru.

Katika Kata ya Majani, kwenye kijumba cha mawe karibu kabisa na ukingo, aliishi pimbi mmoja mwenye miguu mifupi na macho yasiyotulia. Jina lake Sikitu. Mnamjua pimbi? Hana mkia, hana pembe, hana kwato za kumpiga mtu teke. Mungu alimpa akili na mdomo, akamwambia, haya, nenda ukaishi.

Sikitu hakuzaliwa Majani. Alizaliwa ng'ambo, Miamba, akaja Majani kwa kuolewa na pimbi mwashi, fundi wa kujenga kwa mawe. Siku ya harusi alivuka daraja la miti, ngoma mbele, vigelegele nyuma. Mama yake alimsindikiza mpaka katikati ya daraja, akamshika mashavu.

"Sikulilii, mwanangu," mama alisema. "Nikulilie nini na daraja hili hapa? Ukiishiwa chumvi, vuka uje uchukue."

Basi masika yaliyofuata yalikuja na mvua ambayo hata kobe hakuwahi kuiona. Maji yakapanda, yakapanda, yakalishika daraja kiunoni. Krrrraaa! Asubuhi watu walipoamka, palikuwa na mawe na povu tu. Daraja halipo.

Kuvuka ikawa haiwezekani. Kiboko mwenyewe, mwogeleaji hodari, aliinama ukingoni akayatazama yale maji, akarudi nyuma taratibu. "Mimi nina familia," alisema.

Kuzunguka kwa juu, kule mto unakoanzia, ilikuwa safari ndefu, na njia yenyewe ni ya chui.

Najua mnataka kuniuliza: na ndege je? Kulikuwa na Chiriku, tena alivuka kila siku. Lakini Chiriku alikuwa na ulimi wa kuongeza chumvi. Ukimtuma, "Mwambie mama nimepika," kule inafika, "Mama, nimepigwa." Juzi tu alitangaza kwamba Kiboko amekufa. Watu wakabeba mikeka kwenda msibani, wakamkuta Kiboko anaoga. Tangu hapo hakuna aliyemwamini tena.

Kilichobaki ni sauti.

Kila mama wa kipimbi ana mlio wake wa kuwaita watoto jioni, warudi nyumbani kabla chui hajaamka. Na mama yake Sikitu, jua lilipoanza kuzama, alisimama juu ya jabali la kwao, kule ng'ambo, akaita:

"Kwiii-kwi! Kwiii-kwi-kwiiii!"

Maneno hayakuvuka korongo, mto uliyameza yote. Lakini mlio ulivuka. Na Sikitu, popote alipokuwa, aliacha kila kitu akakimbia ukingoni. Ugali wake uliungua mara nyingi. Alisimama pale akatazama kitone kidogo cheusi juu ya jabali la mbali, kidogo kama punje ya ulezi, akajibu, "Kwiii! Nipo, mama! Nipo!"

Mumewe alikuwa mtu mwema. Alikula ugali ulioungua bila neno.

Kisha Sikitu akajifungua mtoto wa kike. Akampa jina la mama yake, kama ilivyo desturi. Na kwa kuwa jina la mzazi haliitwi ovyo ovyo kila mtoto anapomwaga uji, wakawa wanamwita Somoe, yaani mwenye jina la mwenzake.

Mtoto alipotoka nje kwa mara ya kwanza, Sikitu alimpeleka ukingoni. Akamwinua juu kwa mikono miwili.

"Mama! Huyu hapa somo yako! Ana pua kama yako! Mama, unamwona?"

Vuuuu! ukajibu mto.

Kule ng'ambo kitone kilisimama tu. Sikitu akamshusha mtoto. Asubuhi ya pili, akamfunga mgongoni, akaenda kwa diwani.

Kiboko alikuwa akiwasikiliza wakazi wake kila siku ya soko, yeye ndani ya dimbwi, kichwa nje, kofia ya udiwani juu ya sikio. Na tuseme ukweli, wanangu, hakuwa diwani mvivu. Siku hiyo Bata alikuwa amefika mbele yake, mabawa kiunoni.

"Mheshimiwa, mtaro wa kwetu umeziba. Maji yameingia mpaka chumbani!"

"Bata, si wewe unayependa maji?"

"Napenda kuyafuata, Mheshimiwa. Sipendi yanifuate kitandani!"

Watu wakaangua kicheko. Kiboko naye akacheka, gho-gho-gho, mpaka dimbwi likamwagika. Lakini papo hapo akamwita Ngiri na jembe lake, na kabla ya mchana mtaro ulikuwa umezibuliwa. Ndivyo alivyokuwa. Jambo la upande wake alilishughulikia.

Zamu ya Sikitu ikafika.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, Mama Somoe. Sema shida yako."

"Shida yangu ni daraja. Mama yangu yuko ng'ambo. Amekuwa mtu mzima, na hajamshika mjukuu wake."

Kiboko akakuna kidevu. "Daraja! Daraja lina miguu miwili, mama. Mguu mmoja uko kwangu, mmoja uko kwa Kifaru. Nikianza mimi, Kifaru atasema nimekiri kosa."

"Kosa gani, Mheshimiwa?"

"Sijui. Lakini hatakosa la kusema. Aanze yeye."

"Na mdogo wangu Mboni, aliyebaki na mama, nina hakika naye amekwenda kwa Kifaru. Na Kifaru akimwambia Kiboko aanze?"

"Basi tunangojana," alisema Kiboko kwa upole. "Uongozi ni subira. Hoja yako imepokelewa, Mama Somoe. Anayefuata!"

Sikitu akarudi nyumbani. Njia nzima alikuwa akimsemesha mtoto mgongoni, "Bibi yako anakaanga mbegu za maboga, wewe. Utazila mpaka ulale." Mtoto hakuelewa kitu. Alikuwa akinyonya kidole.

Siku zikapita, na vuli ikaingia. Asubuhi moja yenye manyunyu Chiriku akatua dirishani, manyoya yamemlowa.

"Mama Somoe! Mama Somoe! Mama yako amefariki!"

Kijiko kilimtoka Sikitu mkononi. Ngwe! Alikimbia ukingoni akakaa pale na mvua yake, tangu asubuhi, hakula, hakunyonyesha mpaka mumewe alipomletea mtoto palepale kwenye tope. Alilitazama jabali la ng'ambo. Ukungu ulikuwa umelifunika, haonekani mtu.

Jua likaanza kuzama. Sikitu akatega sikio.

"Kwiii-kwi! Kwiii-kwi-kwiiii!"

Loo! Alicheka na kulia kwa pamoja. "Yupo! Umesikia, Baba Somoe? Mama yupo! Chiriku mwongo, ulimi wake uote kutu!"

Lakini hofu ikishaingia nyumbani haiagi upesi. Mlio ule aliusikia kama umechoka kidogo, kama unapanda ngazi. Sikitu akajisemea moyoni, "Mama anazeeka, nami nakaa hapa nangoja Kiboko amngoje Kifaru. Singoji tena."

Siku ya soko ilipofika hakupanga foleni barazani. Alikaa pembeni akamtazama Kiboko. Aliona jinsi kazi ilivyomchosha, na jinsi alivyochangamka watu walipomwambia, "Mheshimiwa, hebu sema kidogo." Hapo kifua kilijaa. Hapo kinywa kilifunguka, wanangu, kinywa kikubwa kama mlango wa ghala, na maneno yakatoka mengi, na hakuna aliyejua yatakoma lini.

Sikitu akatabasamu. Akangoja watu watawanyike.

"Mheshimiwa, leo uliposema juu ya mitaro, nililia."

"Ulilia?" Masikio ya Kiboko yakacheza, pwi, pwi.

"Nililia kwa ajili ya watu wa Miamba. Maskini wale! Wana masikio, hawana cha kusikiliza. Kifaru anajua kukoroma tu."

"Hilo ni kweli," alisema Kiboko.

"Laiti wangekusikia wewe hata mara moja. Wangesema, kumbe kuna diwani! Lakini sauti inaanguka mtoni. Labda ungekuwa na jukwaa, Mheshimiwa. Jukwaa lililotokeza nje ya ukingo kidogo tu..."

"Jukwaa!" Kiboko aliinuka, maji yakamtiririka mwilini, shwaaa! "Mama Somoe, wewe ni mkazi mwenye maono! Mwiteni Fundi Nyani!"

Sikitu akatoka pale mbio, akamkuta Chiriku kwenye ua wa mihogo.

"Chiriku, nina siri. Usimwambie mtu."

"Mimi? Mimi ni kaburi!"

"Kiboko anajenga jukwaa, ili azungumze na watu wa..."

Prrrr! Chiriku alikwisha kuruka. Neno lililobaki Sikitu aliuambia mgongo wa Chiriku.

Tulikuja kusikia baadaye kilichofika kule. Chiriku alitua kwenye pembe ya Kifaru akamwambia, "Kiboko anajenga jukwaa ili awaambie watu wako kwamba huna sauti, una pua tu!"

"Hmmmff!" alifoka Kifaru. "Mimi? Nina pua tu? Leteni magogo!"

Mnamjua Kifaru: macho yake hayaoni mbali, lakini hasira yake inaona.

Haikuchukua muda, pande mbili za korongo zikawa zinagonga. Ko! ko! ko! huku. Ko! ko! ko! kule. Sikitu alikaa ukingoni na mtoto mapajani, na kila nyundo iliyolia ng'ambo ilimgonga na yeye ndani ya moyo.

Jukwaa la Kiboko lilipokuwa tayari, akapanda, akavaa kofia, akapanua kinywa.

"Wananchi wa Miambaaaa! Sisi huku tumezibua mitarooo!"

Kule ng'ambo watu wakaulizana. Upepo ulikuwa mzuri siku hiyo, ukaleta majibu vipande vipande.

"Anasema nini?"

"Anasema wameziba mito!"

"Wameziba mito? Washenzi hao! Tutakunywa nini?"

Kifaru akapanda lake, lililokuwa refu kuliko la Kiboko kwa urefu wa shingo. "Hmmmff! Wananchi wa Majani! Mimi nina sautiii!"

"Anasema ana sahani," alisema Bata.

Kiboko akashuka amenuna. Sikitu alikuwa anamngoja chini na maji ya kunywa kwenye kibuyu.

"Wamenielewa vibaya, Mama Somoe."

"Si kosa lako, Mheshimiwa. Maneno yako ni mazito, yanaanguka njiani. Ukisogea mbele kidogo hayatachoka."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kumpita Kifaru tu."

Basi Kiboko akasogeza. Kifaru akasikia, akasogeza. Kiboko akasogeza tena. Na wakazi walikuja kutazama, mwanzo kwa kucheka, halafu kicheko kikaanza kupungua. Kwa sababu kila mmoja alikuwa na mtu wake ng'ambo. Swala alikuwa na shoga yake. Nungunungu alikuwa na mchumba, na mchumba alikwisha kuchoka kusubiri, ama hakuchoka, Nungunungu hakujua, na kutojua kulimkondesha.

Siku moja Fundi Nyani alikuwa anafunga kamba za katani kwenye nguzo. Akamtazama Sikitu kwa jicho moja.

"Mama Somoe. Hili ni jukwaa?"

"Ni jukwaa, fundi."

"Jukwaa la kubeba ndovu?"

"Diwani ana uzito wa maneno."

Nyani akafunga fundo, akalivuta, akalijaribu. Kisha akasema polepole, bila kumtazama, "Nina kaka yangu kule. Tulinyonya titi moja." Akachukua kamba nyingine, akazungusha fundo la pili juu ya lile la kwanza.

Jioni ile, wanangu, Sikitu alisimama ukingoni kama kawaida. Pengo lililobaki baina ya majukwaa mawili lilikuwa dogo, mbuzi mwenye moyo angeweza kuliruka. Jua likazama.

Mlio haukuja.

Alingoja. Akaita yeye. "Kwiii! Mama, nipo!" Vuuuu, vuuuu. Akaita tena mpaka koo likauma. Mumewe akaja akamshika bega.

"Pengine amelala mapema."

"Mama halali mapema."

"Twende ndani, mtoto analia."

Asubuhi na mapema alikuwa mlangoni kwa Kiboko, macho mekundu, mtoto mgongoni. Hakuwa na mzaha tena, lakini aliuvaa mzaha kama nguo.

"Mheshimiwa, Kifaru yuko jukwaani. Anawaambia watu wake kwamba wewe unaogopa kufika mwisho wa mbao zako."

"Naogopa? Mimi?"

Dup! dup! dup! Kiboko huyo, juu ya jukwaa, mbao zikilia kwaa, kwaa. Watu wakamfuata. Na Chiriku, ambaye hakuna aliyemtuma, alikwisha kufika upande wa pili na maneno yake. Dup! dup! dup! Kifaru naye akaja, kichwa chini, haoni anakokwenda, mpaka pua yake ikasimama mbele ya pua ya Kiboko. Baina yao palibaki pengo, na chini ya pengo povu jeupe.

"Nani huyo ananipumulia usoni?" alifoka Kifaru.

"Ni mimi, diwani wa Majani! Na wewe unatafuta nini kwenye hewa ya kata yangu?"

"Hewa yako? Hewa hii ni ya Miamba!"

"Hewa ina mpaka, na mpaka ni pale pua yako inapoishia!"

"Basi vuta pua yako nyuma!"

"Vuta wewe! Anza wewe!"

"Uanze wewe!"

Sikitu aliyasikia maneno yale yale, aanze yeye, aanze yeye, na hapo akasahau kwamba alikuwa mdogo. Akakaza kanga iliyomshika mtoto. Akapanda mkia wa Kiboko, akapita mgongoni kwake, tip tip tip tip, akakanyaga kofia ya udiwani, akasimama kwenye ncha ya pua.

"Mama Somoe! Unafanya nini juu ya..."

"Samahani, Mheshimiwa!"

Akaruka. Hup!

Watu wote wakashika vinywa. Pimbi na mtoto wake hewani, povu chini yao. Kisha, pwa! Akaikumbatia pembe ya Kifaru, akateleza juu ya uso wake, akapita mgongoni, akashuka kwa mkia.

"Nini hicho? Nini hicho kinanitekenya?" Kifaru alijizungusha, asione kitu.

Upande wa Majani ukalipuka kwa vigelegele. Upande wa Miamba ukajibu. Fundi Nyani hakungoja amri ya diwani yeyote: alikuwa na mbao mbili ndefu begani, akazipenyeza chini ya matumbo ya waheshimiwa wale wawili, akazilaza juu ya pengo, akagonga misumari ya miti. Ko! ko! ko!

Na hapo ndipo Kiboko alipotazama nyuma, akaona mbao kutoka miguuni pake mpaka kwao. Kifaru alitazama nyuma, akaona ukungu tu, lakini akasikia miguu ya watu ikipita kushoto na kulia kwake, ikikimbia, ikivuka. Nungunungu alimchoma ubavuni kwa haraka aliyokuwa nayo.

"Kiboko," alisema Kifaru kwa sauti ndogo. "Tumejenga nini?"

Sikitu hakuona hayo. Alikuwa anakimbia njia aliyoikimbia utotoni, mkono wa kulia mchongoma, mkono wa kushoto mawe mawili yaliyoegemeana. "Tunafika, Somoe, tunafika, bibi yako huyo." Akapiga kona, akaliona jabali. Juu yake alikaa pimbi, ameinama, amejifunga kaniki nyeusi.

Alikuwa Mboni, mdogo wake.

"Mama yuko wapi?" aliuliza Sikitu.

Mboni akasimama. Akafungua kinywa, na sauti haikutoka ila mkwaruzo, kama ya mtu aliyekesha akiimba.

"Mboni! Nakuuliza, mama yuko wapi?"

"Dada," Mboni alisema kwa taabu. "Mama alituacha vuli ilipoanza."

"Hapana. Aliita. Vuli nzima aliita! Juzi aliita, nilimsikia kwa masikio haya!"

Mboni alivuta pumzi, akaweka mikono kinywani, na kwa koo lile lililokauka akatoa mlio mdogo, uliokatika katikati: "Kwiii-kwi..." Ulikuwa mlio wa mama yao, haukukosea hata kidogo ulipopanda na ulipoteremka.

Sikitu akakaa chini.

"Alinifundisha mwenyewe," alisema Mboni. "Alipojua hatainuka tena, alinikalisha kitandani kwake, nikaita, akanikosoa, nikaita, akanikosoa. Akasema, dada yako asisikie kimya. Akisikia kimya ataruka korongo, na ana mtoto."

"Alijuaje nina mtoto? Nani alimwambia?"

"Alikuona siku ile. Umeinua kitu juu. Mimi nilisema ni mzigo, dada anatuonyesha mzigo. Mama akaniambia, mzigo hauinuliwi hivyo. Kile ni mtoto. Akakaa siku nzima anacheka peke yake."

Hapo Sikitu alilia, wanangu. Mtoto akastuka mgongoni akalia naye. Mboni akamfungua, akampakata, akamwangalia usoni kwa muda mrefu, akagusa pua yake.

"Jana jioni ndipo koo lilipogoma kabisa," alisema. "Nimekaa hapa tangu jana, naogopa utafanya nini."

"Nimefanya," alisema Sikitu. Alimvuta mdogo wake karibu. "Nimewacheza shere wakubwa wawili, nikajiona mjanja wa dunia. Kumbe wewe ulikuwa unanicheza mimi kila jioni."

"Umenikasirikia?"

"Nikukasirikie kwa lipi? Ulinipa mama muda mrefu kuliko Mungu alivyonipa."

Wakaenda pamoja kaburini, chini ya jabali, mahali mama alipokuwa akianika mbegu zake za maboga. Sikitu alimlaza Somoe juu ya nyasi za pale. Mtoto alishika nyasi kwa ngumi, akazivuta.

Kilio chao kilifika darajani. Huko kulikuwa na shangwe: Nyani na kaka yake wamekumbatiana mpaka hawatofautishiki mkono wa nani ni wa nani. Lakini kilio kina njia yake, na watu waliokisikia walinyamaza, wakaja mmoja mmoja, wakakaa.

Mwisho walikuja madiwani. Kiboko mbele, kofia mkononi. Kifaru nyuma, akimfuata kwa kunusa. Watu wakajua sasa kutakuwa na hotuba, wakajiweka sawa.

Kiboko akafungua kile kinywa chake kikubwa. Hakikutoka kitu. Akakifunga. Akakifungua tena.

"Mama Somoe. Pole. Sikujua."

Sikitu akamtazama. "Ulijua, Mheshimiwa. Nilikuambia barazani, na siku hiyo alikuwa hai."

Kiboko akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa vumbi.

"Na mimi niliambiwa," alisema Kifaru, hakuna aliyemuuliza. "Mboni alikuja kwangu. Nikamjibu aanze Kiboko."

Mtoto alikuwa anaguguta jani.

"Tukufanyie nini?" aliuliza Kiboko hatimaye. Hakuwa anauliza kama diwani.

"Mimi, hakuna. Mama hahitaji daraja tena." Sikitu alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Lakini lile daraja halina pa kushikia pembeni, na watoto wanavuka. Nimewaona wakikimbia."

Madiwani wale hawakumwita Ngiri wala Nyani. Walirudi wenyewe, wakachukua kamba za katani, Kiboko akashika upande wa kulia, Kifaru upande wa kushoto, akipapasa nguzo moja baada ya nyingine kwa pua ili asiruke hata moja. Walifunga mpaka jua lilipozama, na hakuna aliyemwambia mwenzake aanze.

Basi, wanangu, shikeni hili mkalale nalo: kiongozi anayengoja mwenzake aanze, humngojesha mtu asiyeweza kungoja.